Mishono Mitano

Fundi wa tatu alikuwa mwanamke, na hapo ndipo mambo yalipoanza kugeuka.

Wawili waliomtangulia walikuwa wanaume. Walipobisha hodi, Kitinda aliamriwa aingie jikoni na mlango urudishwe. Sebule ikaachwa tupu, fundi akabaki amejikunja kwenye kona chini ya kabati, lilipo boksi la mtandao. Kila mmoja alipima, akatikisa kichwa, akasema mtandao huu mzima, hauna hata mafua. Akaondoka. Simu ilipopigwa baadaye, ugonjwa ukarudi palepale.

"Huyu ni mwanamke mwenzetu," alisema wifi yake, akimfungulia mgeni mlango wa chuma kwa ufunguo wa akiba. "Kaa tu na mshono wako, Kitinda. Mimi nina sufuria motoni."

Kitinda akakaa. Kukaa alikuwa amekuzoea. Huu ulikuwa mwezi wa tatu hajavuka mlango ule, tangu kaka yake aliposema kwamba msichana mwenye mchumba wa mbali hana la kutafuta barabarani. Dirisha la sebule lilimpa kipande cha ukuta wa jirani, basi. Alikuwa amekwisha kuyajua mabaka yote ya ukuta ule: lile lenye umbo la kiatu, lile lililokua mvua iliponyesha. Sare za shule zililetwa hapohapo mlangoni, akazipinda upindo kwa mkono, zikachukuliwa. Nguo zilitoka. Yeye alibaki.

Fundi alikuwa mfupi, na mkanda wa vifaa kiunoni ulimfanya atembee kama bata. Akatua begi lake.

"Mgonjwa anaumwa nini?" aliuliza.

"Anaumwa kwa kuchagua," alisema Kitinda. "Nikiongea na mtu wangu namwona vizuri kabisa, anapepesa macho, pazia la nyuma yake linacheza. Lakini nikimuuliza kitu anakaa kama hajasikia. Halafu ndiyo anajibu. Mara mshono mmoja, mara mitano, mara saba."

"Mishono?"

Kitinda akaona haya kidogo. Akanyoosha mkono, akachukua daftari la vipimo vya wateja na kulifungua nyuma. Kurasa sita zilikuwa zimejaa. Siku, saa, kisha idadi. Alikuwa akishona huku wanaongea, simu imeegemezwa kwenye kopo la vifungo. Akiuliza neno huanza kuhesabu sindano inavyopita, na jibu likifika anaandika.

Fundi alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari. Kisha akachomoa simu yake, akaiweka saa ya kuhesabia sekunde. "Hebu shona nikuone." Kitinda akashona. "Mshono wako mmoja ni sekunde moja, kasoro kidogo. Umejifunza wapi kazi hii?"

"Mimi nimeishia darasa la saba."

"Wale wenzangu wawili wametoka chuo na hawakuandika hata mstari. Walisema tu wastani ni mzuri. Wastani ni mwongo, mdogo wangu. Changanya maji yanayochemka na barafu, utaambiwa ni vuguvugu, wakati mtu ameshaungua. Mbona hukuwaonyesha hili daftari?"

"Nilikuwa jikoni."

Fundi akamtazama. Akapiga magoti mbele ya boksi.

"Tunapima vipande viwili," alisema. "Kwanza kutoka simu hii mpaka kwenye boksi, hapahapa ndani. Halafu kutoka ndani mpaka kituo cha kampuni, huko nje. Tujue adui anakaa upande gani. Natuma kibarua kidogo kila sekunde, kinakwenda, kinarudi, namba inaniambia kimechukua muda gani. Elfu moja ni sekunde nzima." Akasogeza simu ili Kitinda aone. "Mpaka kwenye boksi ni mbili, tatu, mbili. Safi. Sasa huko nje: thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini. Nayo safi. Huyu mgonjwa wako leo kaamka na afya."

"Ngoja tu," alisema Kitinda. "Atalala kitandani sasa hivi."

"Una haraka naye kweli. Huyo mtu wako ni nani?"

Kitinda akakata uzi kwa meno kabla ya kujibu. "Ni mwashi. Anajenga maghorofa nchi ya watu. Mwezi uliopita kaka yangu alimhoji kwa simu ya picha, shangazi akiwepo. Akamuuliza, una mke huko? Na yeye akakaa tu, anatutazama. Mishono mitano. Ndiyo akasema, hapana, kaka, sina. Kaka akakata simu. Akasema mtu mkweli hahesabu mpaka tano."

"Na leo?"

"Leo saa kumi anaulizwa tena. Shangazi ndiye aliyeomba. Akikaa kimya tena, napewa mwenye duka la saruji." Alisema kwa sauti ileile ya kutaja vipimo vya kiuno. "Ni mgane. Anakuja kila Jumapili, anakaa kwenye kiti kile kana kwamba amekwisha kukilipia."

Fundi alitazama kiti, kisha saa ya ukutani. Saa nane na nusu.

Kitinda akainuka kwenda kumletea maji.

"Aisee," alisema fundi.

Namba zilikuwa zimevuka mia tisa. Elfu moja na mia nane. Elfu tatu. Elfu nne na mia mbili. Kitinda alisimama katikati ya chumba, hathubutu hata kupumua, na namba zikaendelea hivyo kwa muda wa kama mishono ishirini, kisha zikaporomoka. Arobaini.

"Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu. Nimesimama tu."

"Hebu kaa."

Akakaa. Arobaini, thelathini na nane, arobaini. Wakangoja. Sufuria la wifi lilichemka jikoni.

"Simama. Tembea mpaka dirishani."

Akatembea. Mia sita. Elfu mbili. Elfu nne.

Fundi akakuna shingo kwa bisibisi. "Miaka tisa niko kwenye kazi hii. Nimeona panya wanatafuna waya, nimeona boksi limefichwa ndani ya pipa la unga. Sijaona mtandao unaomwogopa mtu."

"Hauniogopi," alisema Kitinda polepole. Alikuwa amelifungua tena daftari, kidole juu ya safu za chini. "Siku ya mitano, sebule ilijaa. Shangazi alikuwa anajipepea. Siku za mshono mmoja nilikuwa peke yangu, nimekaa. Nikiongea naye nikiwa kule jikoni na hapa hamna mtu, hakukawii. Wale wenzako walipokuja, hapa palikuwa patupu." Akanyanyua uso. "Kuna kitu humu kinaamka mtu akitikisika."

Macho ya fundi yalizunguka ukuta, yakapanda pazia, yakafika juu ya kabati na kutulia.

"Kile nini?"

"Taa ya dharura. Kaka aliileta mwezi niliofungiwa. Umeme umekatika mara mbili haijawaka, anasema haijajaa chaji."

Fundi akapanda kiti cha mgane na viatu vyake. Hakuigusa ile taa, aliinama tu akaitazama usoni, nayo ikamtazama. Chini ya kioo cheupe palikuwa na kitundu kidogo cheusi, king'aavu kama jicho la samaki.

"Hii haijawahi kuwa taa," alisema.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Walitazamana, wale wanawake watatu, na kwa muda hakuna aliyesogea, maana kila mmoja alikuwa anajua sasa maana ya kusogea.

"Kwa hiyo," wifi alisema, "siku ile alinipigia kutoka kazini akaniuliza mbona nimelala mchana kwenye kochi. Nikadhani mume wangu ana maono."

"Ni kamera inayohisi mwendo," alisema fundi, akishuka. "Mtu akitikisika, inaanza kutuma picha kwenye simu ya mwenyewe. Sasa sikilizeni. Mtandao wa nyumba una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Wenu wa kuingilia ni mpana, ndiyo maana Mwashi mnamwona vizuri. Wa kutokea ni mwembamba. Hii inapotoka imebeba picha nzito kama makabati na magodoro, inaziba mlango wote. Neno lako dogo linasimama nyuma yake, linangoja foleni."

Kitinda aliacha sindano ikining'inia kwenye uzi.

"Basi hakukawia kujibu," alisema.

"Swali la kaka yako ndilo lililokawia. Lilikwama humuhumu ndani. Mwenzako alijibu palepale lilipomfikia."

Machozi yalimjia Kitinda, akayazuia kwa kukaza meno. Mwezi mzima alikuwa amelala na ile mishono mitano, akiigeuza usiku na mchana, akimtetea mtu ambaye moyoni alikuwa ameanza kumhukumu. Na jicho lililozaa kile kimya lilikuwa hapo juu, likimtazama anavyojizuia kulia.

"Naichomoa," alisema fundi.

"Usiichomoe." Kitinda alimshika mkono. "Ukiichomoa wewe, atasema nimetafuta mtu wa kunitetea. Iache. Itachomolewa na aliyeiweka."

"Binti wewe," wifi alisema, "siku zote nilidhani wewe ni mpole."

"Mimi ni mpole, wifi."

Saa kumi kasoro robo mlango wa chuma ulilia. Kaka aliingia mbele, mnyororo wa funguo ukicheza kidoleni. Nyuma yake Shangazi, dada wa marehemu baba yao, mtu wa mwili mkubwa na maneno machache, akajitupa kwenye kochi na kuanza kujipepea kwa bahasha.

"Huyu hajaondoka?" Kaka aliuliza, akimwangalia fundi.

"Nangoja saini yako, mzee. Na majibu hayajawa mazuri."

"Wenzako walisema ni mzima."

"Ni kweli, walipoupima ulikuwa mzima."

"Basi tusipotezeane muda. Piga hiyo simu, Kitinda."

"Kabla hajapigiwa," wifi alidakia, "mume wangu, nina ombi dogo. Mimi natoka na simu yangu mpaka nje ya geti, natumia vocha yangu mwenyewe. Nitakupigia kwa picha. Nina swali la siku nyingi, nikiwa karibu nawe naona aibu."

"Mbele ya Shangazi?"

"Shangazi ni shahidi mzuri."

Shangazi alicheka kwa pua. "Mpe mkeo nafasi yake. Nenda, mama."

Simu ya Kaka ikalia. Akaipokea akisimama, akitembea huku na huku kama mtu mwenye mambo mengi. Uso wa wifi ukatokea, nyuma yake ukuta wa barabarani.

"Mume wangu, una mwanamke mwingine?"

"Sina," Kaka alisema hapohapo. "Ujinga gani huu."

Wifi kwenye kioo hakusikia. Alikuwa bado anamngoja, macho yamemtoka, nyusi zinapanda taratibu. Kitinda alihesabu kwa vidole juu ya goti. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

"Haya," wifi akasema mwishowe. "Nimesikia. Nimekuona umeganda mdomo wazi kwanza. Mtu mkweli hahesabu mpaka sita, mume wangu."

"Nimekujibu palepale," alisema Kaka. Akageuka. "Shangazi, si nimejibu palepale?"

"Umejibu," alisema Shangazi. Alikuwa ameacha kujipepea. "Mimi nimekusikia. Yeye kachelewa kukusikia." Kichwa chake kilikuwa kinafanya kazi polepole, na kila mtu aliona. "Fundi. Maneno yake yamekwama wapi?"

Fundi alitazama karatasi yake ya saini. "Muulize mwenyewe, mama. Yeye ndiye anayejua ana vitu vingapi vinavyotumia mtandao humu ndani."

Chumba kikawa kidogo. Kaka alimtazama fundi, kisha dada yake. Kitinda hakuinua kichwa. Alikuwa anapinda upindo wa sketi ya mtoto, mshono baada ya mshono, na hakuitazama taa hata mara moja, na ndivyo Kaka alivyojua kwamba anajua.

Akavuta kiti. Akapanda. Ule waya ulipochomoka, kitaa chekundu ambacho hakuna aliyewahi kukiona kilizimika. Akashuka na ile taa mikononi, akakosa pa kuiweka.

"Niliahidi kitandani kwa mama, siku anakata roho," alisema, bila kumwelekea yeyote. "Nilimwambia huyu hatapotea."

"Sikupotea, Kaka," alisema Kitinda. "Nilikuwa hapahapa. Umeniona."

Shangazi alinyoosha mkono akaichukua ile taa, akaifunika kwa upande wa nguo yake. "Piga simu, mwanangu," alisema.

Wifi alikuwa amerudi ndani. Fundi aliweka simu yake juu ya mkono wa kochi, namba zikipita. Arobaini. Thelathini na tisa. Arobaini na moja. Mwashi akatokea kwenye kioo, amevaa shati lililopigwa pasi, nywele zimelowa. Kitinda alipomwona akimtafuta yeye kwanza kati ya nyuso zote, moyo wake ulipiga kama unataka kutangulia.

"Shikamoo, Shangazi. Shikamoo, Kaka."

"Marahaba," alisema Kaka, sauti imekauka. "Una mke huko?"

"Sina, Kaka. Sijawahi kuwa naye."

Jibu lilikuja papo hapo. Sindano ilikuwa haijatoboa hata kitambaa. Wifi akapiga kofi moja dogo, na Shangazi akatikisa kichwa juu na chini, na Kitinda akajiachia kutabasamu kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima.

"Nilikukosea," alisema Kaka. Ilimgharimu. "Basi sema, nikusikie vizuri. Utakuja lini kumchukua?"

Mwashi alikuwa anawatazama. Alipepesa macho. Pazia la nyuma yake lilicheza.

Mshono mmoja. Mitatu. Kitinda aliitazama simu ya fundi. Arobaini. Thelathini na nane. Arobaini. Fundi naye aliitazama, kisha akageuza uso dirishani, kama mtu aliyeona asichopaswa kuona. Mshono wa tano. Wa sita. Mtandao ulikuwa mzima, hauna hata mafua.

"Umesikia alivyouliza," alisema Kitinda.

"Nimesikia." Mwashi aliinamisha kichwa. "Mkataba wameuongeza miaka miwili. Nilisaini wiki tatu zilizopita. Kila nikitaka kukuambia nakuona kwenye kioo umeganda. Nikawa... nikawa nashukuru. Nikasema basi, kesho."

Kaka alifungua mdomo, na Shangazi akamwinulia kidole, akaufunga.

Kitinda alimtazama mtu wake. Hakukuwa na mke, hakukuwa na uongo mkubwa. Kulikuwa na mtu mwoga aliyejificha nyuma ya ukuta uleule uliomfungia yeye. Miaka miwili. Akayaona mabaka ya ukuta wa jirani yakikua mvua mbili, mvua nne. Akawawaza watu wanaopita barabarani bila yeye.

"Mwanangu," alisema Shangazi, "tangu jambo hili lianze, wote tumeulizana. Wewe hakuna aliyekuuliza. Utamngoja?"

Kitinda akashona. Aliacha wangoje. Sindano ilipita mara moja, mara mbili, na Mwashi kule mbali akausogeza uso wake karibu na kioo, na safari hii hakuna aliyekuwa na mtandao wa kusingizia. Kitinda alipofika mshono wa tano akafunga fundo, akakata uzi.

"Nitamngoja," alisema. "Lakini siyo humu ndani. Nitapanga chumba, nitatafuta cherehani, nitashona nikiwa na mlango wangu. Akija atanikuta. Asipokuja, atakuwa amekosa fundi mzuri." Akamgeukia Mwashi. "Na wewe, ukiwa na neno, liseme siku hiyohiyo."

"Nimesikia," alisema Mwashi, papo hapo.

Kitinda akainuka, akasimama katikati ya sebule. Namba hazikutikisika. Akanyoosha kiganja mbele ya kaka yake.

Kaka aliutazama ule mkono. Akatazama juu ya kabati palipokuwa na duara safi kwenye vumbi. Mnyororo wa funguo ulikuwa bado umeng'ang'ania kidoleni mwake, na alikuwa bado anajaribu kuuvua, au kujizuia asiuvue, wifi alipopita katikati yao, akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni na kuuweka ufunguo wa akiba kwenye kiganja cha Kitinda.

Ulikuwa na unga, na bado ulikuwa na joto la mfukoni.